Samaki wa Buluu na Suruali ya Bwana Harusi

Nilikuwa na miaka kumi na minne, dada yangu kumi na sita, na kati yetu watatu baba ndiye aliyekuwa mtoto. Nasema hivyo kwa heshima zote. Alikuwa fundi cherehani anayejulikana sokoni Kamembe, mtu wa kupima bega la mteja mara tatu kabla ya kushika mkasi, asiyependa mzaha kazini. Lakini mwonyeshe uzi wa kuvulia samaki, basi, fundi umempoteza.

Sisi tulizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, tukarudi Rwanda tukiwa tayari tunajua kusoma. Maman alihangaika sana na uhamisho ule: shule mpya, majirani wapya, na Kinyarwanda chetu kilichowafanya watoto wa darasani waanguke chini kwa kicheko. Papa hakuhangaika hata kidogo. Siku ya kwanza tuliposimama ukingoni mwa ziwa upande huu, alitazama maji, akatazama nyumba za Bukavu zilizopangana kule kwenye mteremko wao, akasema, "Ziwa ni ile ile. Tumebadirisha kiti tu." Kisha akaanza kutafuta mahali pazuri pa kukaa na ndoano.

Mahali alipopapata palikuwa na mawe makubwa meusi, chini ya shamba la migomba, dakika ishirini kwa mguu kutoka nyumbani. Kila Jumamosi, cherehani ikishafunikwa, tuliteremka watatu. Mimi nilibeba kopo la minyoo, dada alibeba fito, Papa alibeba matumaini. Tulikuwa tunapata ngege wadogo, wale wenye miiba mgongoni, na siku nyingi hatukupata kitu. Hatukujali. Tulikaa tukiwa tumening'iniza miguu majini, Papa akituhadithia jinsi alivyokuwa akitoroka shule huko Bukavu kwenda kuvua, halafu akikumbuka kwamba sisi ni wanafunzi anageuza hadithi katikati na kusema kwamba alijuta sana. Hakuna aliyemwamini.

Halafu Jumamosi moja dada yangu akapiga ukelele.

Alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, anachungulia chini kwenye kivuli. Nikadhani ameona nyoka. "Papa! Kuya mbio! Kuna kitu inang'aa!"

Tukaenda tukalala hapo naye, vichwa vitatu vimepangana. Chini yetu, katikati ya mawe mawili, kulikuwa na samaki sita au saba ambao hatukuwa tumewahi kuwaona. Walikuwa wembamba, urefu wa mkono wangu kutoka kifundo hadi ncha za vidole, na ubavuni walikuwa na mistari ya nukta za buluu. Wala si buluu ya anga, wala ya yunifomu ya shule. Ilikuwa buluu inayowaka. Jua lilipowapata wakageuka wote kwa pamoja, ikawa kama mtu amemwaga vifungo vya nguo ya harusi ndani ya maji.

Papa, yeye aliyejua kila samaki wa ziwa lile kwa jina la Kimashi, la Kinyarwanda na la Kiswahili, midomo ilikuwa wazi tu.

"Papa, ni samaki gani?"

"Sijue," alisema. Akaanza kucheka. "Batoto, mi sijue! Miaka arobaini niko naangaria hii maji, leo sijue!"

Sijawahi kumwona mtu akifurahia kutojua namna ile.

Baadaye tulisikia kwamba wavuvi walikuwa wameshaanza kuwaona huku na huko, na kwamba walikuwa wamepewa jina: rwandarushya, yaani Rwanda mpya. Kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu walikotoka. Wengi walisema ni samaki wa Ziwa Tanganyika, na wengine waliapa kwamba wamepanda Mto Rusizi wenyewe, kinyume cha maji, kama wahamiaji wenye haraka. Leo ukienda sokoni unawakuta wamekaushwa, wamerundikwa kwenye sinia, na buluu yote imewatoka, mtu anapita bila hata kugeuza shingo. Mimi kila nikiwaona natabasamu peke yangu kama mwehu, na wauzaji wanadhani nataka kununua.

Siku ile ya kwanza hatukupata hata mmoja. Walikuja wakagusa chambo, wakakinyonya, wakaenda zao. Kinywa chao kilikuwa kidogo mno kwa ndoano zetu. Papa alipanda kilima kurudi nyumbani kwa hatua za mtu aliyetukanwa. Alipofika hakukaa hata kunywa chai. Alichukua kibweta chake cha pini, zile za kushikizia kitambaa, akawasha mshumaa, akaanza kuziunguza moja moja na kuzipinda kwa koleo ndogo. Zilizokatika alizitupa, zilizokubali alizipanga mezani kwenye kipande cha flaneli. Maman alikuwa anachambua maharage, akamtazama.

"Papa ya batoto, hizo pini si za kazi?"

"Hii ni kazi," Papa akajibu bila kuinua macho.

Pini ina ubaya mmoja: haina kile kijino cha kumzuia samaki asichomoke. Ukimkamata, usilegeze uzi hata kidogo. Unavuta mara moja, juu, moja kwa moja, samaki anaruka hewani anapita juu ya kichwa chako na kutua nyuma. Ukisita, amekwenda. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata mawe yale yalikuwa uwanja wa vita. Samaki wa kwanza nilimkamata mimi. Nilisikia uzi umekazika, nikavuta kwa nguvu zote za miaka yangu kumi na minne, na yule samaki akapaa akiwa anawaka buluu juani, akampiga dada yangu shavuni. Dada alipiga kelele, akaachia fito lake, fito likaanza kuelea kwenda zake, Papa akaliendea majini na viatu vyake. Mimi nilikuwa narukaruka juu ya jiwe nikiimba wimbo usio na maneno. Tulipata wanne siku hiyo. Tulipanda kilima tukiwa tumelowa, tunacheka bila sababu, tunanyamaza, halafu tunatazamana na kuanza tena.

Sasa ikabaki habari ya kula. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akivuka mpaka kila siku kuuza vitambaa Bukavu, alisimama mlangoni akatazama lile bakuli, akarudi hatua mbili nyuma. Alisema kitu cha rangi ile hakikuumbwa kiingie tumboni mwa muntu. Alisema gesi iliyo chini ya ziwa ndiyo iliyowapaka rangi. Maman akaangua kicheko, lakini niliona na yeye ameweka mwiko chini.

"Nitakula mimi," Papa akasema. "Kama nikikufa, mashini nimewaachia ninyi."

"Usiseme maneno kama hayo mbele ya batoto."

Akawakaanga mwenyewe. Akakaa mezani, akafunga macho akaomba, sala ndefu kuliko kawaida, akala wa kwanza mzima na kichwa chake. Sisi watatu, na jirani mlangoni, tulisimama tukimtazama kama watu wanaongoja treni. Akatafuna. Akameza. Akafuta midomo. "Iko tamu," akasema. "Iko kama dagaa ya sambaza lakini imesoma shule."

Kisha akashika shingo.

Macho yakamtoka. Akainuka nusu, akaushika ukingo wa meza, akasema "Maman..." kwa sauti ya mtu anayeondoka duniani, akateleza polepole hadi sakafuni. Jirani alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Dada yangu akaanza kulia. Maman hakupiga yowe. Alipiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa Papa, akabaki hapo kidogo, na sisi tukaona uso wake ukibadilika, kwanza hofu, halafu kitu kingine. Akanyoosha mkono nyuma akauchukua mwiko.

"Moyo wake unacheka," alisema, akampiga nao pajani. Papa akaruka juu kama samaki mwenyewe. Maman alimkimbiza kuzunguka meza mara tatu, na mara ya tatu yeye pia alikuwa anacheka hadi akalazimika kukaa. Samaki watatu waliobaki tuliwala wote. Jirani alichukua kipande cha mkia, akakinusa, akakila akiwa amesimama, mguu mmoja nje ya mlango.

Tulivua msimu mzima hivyo. Tulijifunza kwamba samaki hao hawapendi minyoo sana, wanapenda wadudu wanaoangukia juu ya maji. Panzi, nzi, chochote chenye mabawa. Na hapo ndipo inapoingia siku ninayotaka kuieleza hasa, siku ambayo hata leo, nikikaa na dada yangu kwenye meza moja, mmoja wetu akisema tu neno "suruali", tumekwisha.

Papa alikuwa amepewa kazi ya kushona suti ya bwana harusi mmoja, mwalimu kijana wa Nyakarenzo, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kuomba radhi hata pale anapokanyagwa. Koti lilikuwa limekamilika tangu Alhamisi. Suruali ilibaki pindo la chini tu, kwa sababu viatu vipya vya bwana harusi vilikuwa na kisigino kirefu kuliko vile vya kupimia. Harusi ilikuwa Jumamosi saa tano, kanisani kwetu kule juu. Makubaliano yalikuwa kwamba mwalimu apitie nyumbani saa tatu, avae, aende.

Usiku kucha ilinyesha. Asubuhi mvua ikakata, umeme ukawa umekwenda, nyumba ikawa na giza kama ndani ya gunia. Papa alijaribu kutunga uzi kwenye sindano dirishani, akashindwa, akatoka nje. Na nje, ardhi yote ilikuwa inatoa kumbikumbi. Walikuwa wanatoka kila tundu, maelfu, mabawa yanametameta, upepo unawabeba kuelekea chini.

Kuelekea chini, maana yake ziwani.

Papa aliwatazama wakienda. Sisi tulimtazama Papa. Maman alikuwa chumbani anajaribu kilemba chake cha harusi, hakuona.

"Mwangaza ni mzuri kule kwenye mawe," Papa akasema taratibu. "Mtu anaweza kumaliza pindo vizuri sana kule."

"Na sisi tukushikie uzi," dada akasema.

"Na ninyi mnishikie uzi."

Hatukutazamana, kwa sababu tungecheka. Aliikunja suruali vizuri, akaitia kwenye mfuko safi pamoja na sindano na kibiringo cha uzi mweusi. Saa moja na nusu tulikuwa tunateleza kwenye matope ya shamba la migomba.

Sijui kama nitaweza kueleza tulichokikuta. Maji yalikuwa yanachemka. Kumbikumbi walikuwa wameanguka juu ya ziwa kama makapi, na chini yao samaki wa buluu walikuwa wamekuja wote, wadogo kwa wakubwa, wanaruka nje ya maji wazima wazima, wanagongana, wanatua, wanaruka tena. Mlio wake ulikuwa kama mvua imerudi. Ndege walikuwa wanapiga kelele juu. Kumbikumbi mmoja aliingia mdomoni mwangu nikamla bila kufikiri, maana sikuwa na muda wa kumtema.

"Nusu saa tu!" Papa akapaza sauti, ameshavua viatu.

Ulikuwa unatia kumbikumbi kwenye pini, unatupa, na kabla pini haijazama umeshakamata. Unavuta, anaruka, anatua kwenye majani nyuma, unatupa tena. Dada alikuwa anahesabu kwa sauti, alipofika ishirini akasahau akaanza upya. Nyuzi zetu zilikatika kwenye mawe yenye ncha, na tulipokuwa hatuna nyingine, Papa akasimama kidogo, akautazama ule mfuko, akachukua kibiringo cha uzi mweusi wa suruali akaukunja mara nne na kuusokota. "Uzi mzuri sana," alisema. "Wa Ulaya." Tukaendelea.

Nusu saa hiyo ilichukua saa mbili.

Tulisikia sauti ya Maman kabla hatujamwona. Alikuwa anateremka katikati ya migomba na kitenge chake cha harusi amekikunja hadi magotini, viatu mkononi, na kilemba kimesimama juu ya kichwa kama mnara. Nyuma yake alikuja bwana harusi. Shati jeupe, tai, na suruali kuukuu ya kazini.

"Papa ya batoto! Iko saa tatu na nusu! Huyu mwana wa watu anaoa leo!"

Papa aligeuka. Kulikuwa na kumbikumbi kwenye ndevu zake na magamba kwenye kipaji. Nadhani ni mara pekee nilipomwona akiogopa kweli. "Mwalimu," alisema. "Pantalo iko. Imebaki kidogo."

"Iko wapi, Papa?"

"Kwenye mfuko."

"Na kidogo ni kiasi gani?"

"Miguu miwili."

Maman alifungua mdomo ili aseme yale aliyoyapanga njia nzima. Lakini bwana harusi hakuwa anamsikiliza Papa tena. Alikuwa anatazama maji. Nilimwona kabisa, uso ule wa wasiwasi, wa mtu aliyepata usingizi wa saa mbili tu usiku mzima, ukafunguka polepole kama dirisha.

"Hawa ndio wale ba ble?" aliuliza, yaani wale wa buluu.

"Ndio hao," nikasema.

"Nilikuwa nasikia tu." Akapiga hatua moja mbele. "Samahani, Maman. Dakika moja tu." Nikampa fito langu.

Samaki wake wa kwanza alichomoka hewani. Wa pili naye akachomoka. Akakasirika, mwalimu yule mpole, akasogea kwenye jiwe la mbele ambalo sisi tulijua lina utelezi lakini hatukuwahi kumwambia, akavuta wa tatu kwa nguvu, akampata, akapaza sauti ya ushindi, na akaondoka. Hivyo tu. Sekunde moja alikuwepo, sekunde ya pili ilibaki tai ikielea juu ya maji, ikifuatiwa na kichwa. Maji pale yalikuwa ya kiunoni. Alisimama, amelowa hadi nywele, na fito bado liko mkononi, na samaki bado yuko kwenye fito.

"Sikumwachia!" alisema.

Nikamtazama Maman. Tulimtazama wote. Alikuwa amefunga macho, mabega yanatetemeka, nikadhani analia kwa hasira. Kisha kilemba kikaanza kuyumba, na kile kicheko kikatoka, kicheko kikubwa cha tumboni, akalazimika kushika mgomba ili asianguke. Hapo sisi wengine tukapata ruhusa.

Suruali kuukuu haikufaa tena, kwa hiyo bwana harusi alikwenda nyuma ya jiwe akavaa ile ya harusi, kavu, nyeusi, nzuri sana hadi vifundoni, na kutoka hapo ikawa inaburuta matopeni. Maman akalikamua shati akalitandaza juani kwenye jiwe la moto. Papa akapiga magoti na sindano. Hakukuwa na meza wala kiti, na muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo ilibidi amshonee mwilini.

"Simama wima, mwalimu."

"Nimesimama, Papa."

"Hukusimama. Unacheza."

"Anavuta, Papa! Anavuta!"

Maana alikuwa amerudia fito. Alisimama pale kifua wazi, na suti nusu, na fundi miguuni pake, akavua samaki huku anashonewa pindo. Kila alipovuta, mguu uliinuka na Papa akajidunga kidole. Mguu wa kulia ulimalizika vizuri. Katikati ya mguu wa kushoto Papa akasimamisha sindano. Akakitazama kile kibiringo. Kilikuwa mbao tupu. Uzi wote ulikuwa majini na kwenye mafito yetu.

Alinitazama. Nikamtazama. Nikafungua nailoni iliyobaki kwenye fito la dada, nikaing'ata kwa meno, nikampa. Papa aliitunga kwenye sindano, akashona pindo la mguu wa kushoto kwa uzi wa kuvulia, mishono midogo midogo, kwa umakini wote wa ufundi wake.

"Haitafunguka," alisema, akainuka, akamkung'uta mwalimu magoti. "Hiyo inaweza kuvuta ng'ombe."

Hiyo safari ya kupanda kilima sitaisahau. Bwana harusi mbele, anavaa shati lenye unyevu huku anakimbia, Papa nyuma yake ameinua miguu ya suruali kwa mikono miwili ili isiguse matope, kama mtu anayebeba mkia wa gauni la malkia. Barabarani tulisimamisha pikipiki tatu. Nyumbani Maman alimwingiza mwalimu ndani ya koti kwa dakika mbili, akampaka mafuta usoni, akamnusa, akampaka tena.

Kanisani watu walikuwa wamekwisha kuimba kila wimbo waliouandaa. Bibi harusi alikuwa tayari mbele, amekaa, maua mapajani. Alikuwa binti wa watu wa Idjwi, kile kisiwa kikubwa katikati ya ziwa, aliyekulia Bukavu kwa shangazi yake, na huyo shangazi alikuwa amekaa nyuma yake akiwa na uso wa kufunga duka. Mwalimu aliingia karibu kwa mbio, akaketi kando yake. Sisi tulijipenyeza benchi la nyuma, tumevaa viatu vya harusi kwenye miguu ya matope.

Nilimwona shangazi akinyoosha pua. Akanusa kushoto. Akanusa kulia. Akaegemea mbele akamnusa bwana harusi begani, wazi wazi, mbele ya mchungaji. Mwalimu alianza kuomba radhi kwa sauti ya chini, nikaona midomo yake ikienda, na mkono wake ukionyesha kitu kinachoruka. Bibi harusi akageuka kumtazama. Akanyoosha kidole chenye glavu nyeupe, akabandua kitu kwenye ukosi wa koti lake, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Gamba. Lilikuwa na nukta moja ya buluu.

Dada alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Papa aliinamisha kichwa kama anayeomba.

Na bibi harusi akacheka. Alijaribu kuzuia, akajifunika kwa maua, lakini shela ilimsaliti, ilikuwa inatikisika yote. Mwalimu naye akashindwa. Mchungaji akawasubiri wamalize, akakohoa, akaanza ibada. Waliulizwa maswali wakayajibu vizuri, na pindo la kushoto lilisimama imara mpaka mwisho, hata kwenye kucheza.

Shangazi hakutusamehe siku hiyo. Alipompata Papa kwenye mlango wa ukumbi, alimwambia maneno ambayo Papa aliyapokea kwa kuitika "Ndiyo, Maman, ni kweli, Maman," hadi shangazi akaishiwa maneno.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwenye mawe yetu tukiwa na adabu kidogo. Cherehani ilikuwa imefunikwa, kazi zote zimekabidhiwa, Maman amehakikisha mwenyewe. Tulikuwa hatujatupa hata mara moja tuliposikia watu wanateremka kwenye migomba. Alikuwa mwalimu na mke wake. Yeye alikuwa na zawadi ya nanasi kwa Papa. Mke wake alikuwa na kitenge cha kawaida, miguu peku, na kijiti cha mwanzi kimefungwa uzi mwembamba kama nywele.

"Shikamoo, Papa," alimwambia Papa. "Ni hapa mlipomwosha bwana yangu?"

"Ni hapa, binti. Pale mbele."

Alilitazama lile jiwe, akalikwepa, akachagua jingine ambalo sisi hatukuwahi kulifikiria, dogo, kwenye kivuli. Akaketi. Hakuwa na pini. Alikuwa na ndoano ndogo ajabu, ya kweli, yenye kijino, aliyoinunua ng'ambo. Akafungua karatasi, akatoa kumbikumbi waliokaushwa, akawasaga kwenye kiganja na kuwapuliza juu ya maji, kama mtu anayepuliza unga. Tukasubiri. Wakaja, wengi, wametulia, wanapanda juu kula ule unga bila wasiwasi wowote.

Alivua kumi na moja kabla Papa hajapata mmoja. Hakupiga kelele, hakuruka, alikuwa anawatoa majini kama anayechuma maharage, na kila mmoja alimwambia neno kwa Kihavu cha kwao Idjwi kabla ya kumtia kwenye kikapu. Papa alikuwa ameacha kuvua. Alikuwa amekaa kwenye jiwe lake na fito magotini, mdomo wazi, na taratibu kile kicheko chake kikaanza kupanda.

"Mwalimu," alisema. "Huyu bibi ulimwoa, ulijua?"

"Sikujua, Papa," mwalimu akajibu, naye macho yake yako kwa mke wake. "Mi sikujua kitu."

"Nyamazeni," bibi akasema bila kugeuka. "Munanifukuzia samaki."

Tukanyamaza. Tulidumu labda nusu dakika.